Majina ya Mama Zake Samha

Nasra, mwanangu,

Umetoka kwa hasira na mlango umeubamiza hata kuku wakaruka. Sikukuita. Najua unakokwenda: Matrah, pamoja na baba yako, kumwambia yule karani wa tiketi kwamba kesho husafiri. Basi jua mapema kuwa leo karani humpati. Nimemwambia baba yako akuzungushe sokoni, akuingize duka hili na lile, akusalimishe kwa kila mzee anayemfahamu, mpaka ofisi ifungwe. Baba yako hajui kusema uongo, lakini kutembea polepole anajua sana.

Ukirudi utaikuta barua hii juu ya sanduku lako, ambalo sasa hivi nimelifanya meza. Sitakuandikia habari za kula na kuvaa. Kuwait yuko mjomba wako, na mkewe ni mtu anayeona raha kulisha watu, na kufua nimekufundisha tangu tuko Unguja. Nataka kukueleza kwa nini lazima uende chuoni, na kwa nini farasi si sababu ya kubaki. Jana nilijaribu kwa mdomo tukaishia kugombana, kwa kuwa sisi wawili tukianza kusema hakuna anayesikiliza.

Unasema farasi wetu Samha ana mimba, na akizaa hakuna mwingine wa kusimama kutaja majina. Ami yako Humaid amekwambia hivyo mbele ya watu wote, pale kwake Ghala: ukiondoka wewe, nasaba ya farasi wa madoa imekatika. Nilikuona ulivyoinama. Tangu siku ile umekuwa ukisema, "Nitangoja azae kwanza, mama, kisha nitakwenda." Hilo neno "kwanza" ndilo linalonifanya niandike.

Nianze na kicheko, maana habari ya farasi hawa kwangu ilianza kwa kicheko. Unakumbuka baba yako Unguja? Kila akikaa barazani na wenzake, akinywa kahawa, lazima afike kwa farasi wa kwao Ghubra. Farasi wa madoa, ati hakuna mfano wake Omani nzima. Siku moja alikuchorea mmoja ukutani kwa mkaa, ana madoa makubwa kama ya chui, nikakuta ukuta wangu umeharibika na nyinyi wawili mmekaa mnautazama kama kitu cha maana. Yeye mwenyewe alikuwa hajawahi kumwona hata mmoja. Alizaliwa Unguja kama mimi, na alichokuwa nacho ni maneno ya baba yake tu.

Kisha ukaja mwaka wa sitini na nne, tukaondoka na tulichoweza kubeba. Hayo sitayarudia, uliyaona kwa macho yako na ulikuwa mkubwa wa kutosha. Nitasema tu kwamba tulipofika Ghubra, na Bibi Zuwena, shangazi wa baba yako, akatufungulia mlango wake, jambo la kwanza baba yako aliloomba si maji. Aliomba aonyeshwe farasi. Bibi akatupeleka nyuma ya nyumba, na pale akasimama Raqta: farasi jike mweupe, mzee, mbavu zinahesabika. Baba yako akamzunguka mara ya kwanza, akamzunguka mara ya pili. Nikaona uso wake unavyoanguka.

"Madoa yako wapi, shangazi?" akauliza.

"Sogea," Bibi akamwambia. "Madoa haya si ya mtu wa mbali."

Ukisogea ndipo unayaona. Madogo madogo, ya rangi ya kahawia, shingoni na mashavuni na mabegani, kama mdalasini ulionyunyizwa juu ya maziwa. Mimi nilikuwa na njaa na nimechoka, nikasema kwa sauti kwamba kumbe tumesafiri bahari nzima kuja kuona farasi aliyechafuka. Bibi Zuwena alinisikia. Alikaa Unguja ujanani, na Kiswahili chake kilikuwa cha kizamani lakini kizima. Hakukasirika. Aliniambia, "Wewe utakuja kumpenda," na mimi nikaapa moyoni kwamba sitampenda, na kiapo hicho nimejitahidi sana kukitunza.

Sikudanganyi, nilimchukia yule mnyama. Mji mzima ulikuwa na dhiki, dawa hakuna, shule za kutafuta kwa tochi, na huku farasi analishwa tende! Tende na dagaa wakavu. Sijapata kuona kiumbe wa majani anayekula samaki, na harufu yake ikiingia kwenye nguo haitoki. Bibi akanieleza kuwa ndivyo farasi wa pwani hii walivyolelewa tangu zamani, majani yakiadimika. Nikamwambia kwetu dagaa wanaliwa na watu.

Lakini wewe ulishikwa siku ile ile. Ulikuwa hujui Kiarabu, wasichana wa kisimani wakikuita Mzinjibari na kuiga unavyosema, ukawa unakimbilia zizini. Bibi akaanza kukusimulia. Nilikuwa nikisikia nikiwa jikoni, nikijifanya sisikii. Alikwambia wa kwanza wao alipita kwenye moto wa makuti akiwa na mtoto mgongoni, cheche zikamwangukia, na kila doa ni cheche. Ukamwuliza kama ni kweli. "Cheche ni uongo wa wazee," akakujibu, "lakini mtoto wa mgongoni alikuwa babu wa babu yangu." Alikwambia pia jinsi walivyokuwa wengi, wakikimbizwa wawili wawili sikukuu, wapanda farasi wameshikana mikono huku farasi wanakwenda mbio, na wa madoa akiwekwa na farasi yeyote mwenye hofu ili amtulize. Kisha zikaja shida. Wengine wakapakiwa kwenda Hindi, wengine wakafa miaka ya ukame, na kwenye nyumba nyingine watu wakaona punda ana faida zaidi. Aliyebaki ni yule kikongwe nyuma ya jiko langu, naye alikuwa na mimba.

Usiku aliozaa unaujua kuliko mimi, maana ulikuwa ndani na mimi nilikuwa mlangoni. Ndipo nilipoiona desturi yao kwa mara ya kwanza. Mtoto akitoka, kabla hajanyonya, mwanamke wa nyumba husimama mbele ya mashahidi akamtaja mama yake, na mama wa mama yake, akipanda hivyo hivyo mpaka yule wa cheche. Akikosea anaanza upya, na mtoto anangoja na njaa yake. Asiyetajiwa hana nasaba, ni farasi tu, na hakuna mtu wa maana atakayemletea dume lake. Majina hayaandikwi. Bibi alisema karatasi kila mtu anaweza kuiandika atakavyo, lakini ukidanganya kwa mdomo mashahidi wanakukamata papo hapo.

Bibi alitaja, sauti yake haikutetemeka. Kisha taa ikasogezwa, na baba yako akapiga ukelele. Mtoto alikuwa wa kahawia. Kahawia mtupu, kutoka pua mpaka mkia, hana doa wala weupe.

Kosa la baba yako lililofuata hakuna Muomani wa hapa ambaye angelifanya, na hakuna farasi wa Unguja ambaye angemfundisha. Kulipokucha alikwenda Ghala, kwa ami yako Humaid, mwenye lile dume lililompanda Raqta. Akaingia sabla, pale wanaume wanapokaa na kahawa yao, hata salamu hakuimaliza, akasema kwa Kiarabu chake cha vitabuni kwamba dume la Humaid limeharibu nasaba ya watu. Walicheka mpaka mmoja akamwaga kahawa kwenye kanzu. Kumbe farasi hawa wote huzaliwa hivyo, weusi au kahawia. Weupe unakuja mwaka baada ya mwaka, na madoa ndiyo ya mwisho kabisa, farasi akishakuwa mtu mzima. Yule mzee wa madoa niliyemwita mchafu, naye alizaliwa kahawia. Na si wote wanaogeuka. Wengine hubaki walivyo mpaka wanakufa, na hakuna wa kulaumiwa.

Aliyekuwa hacheki ni Humaid. Alitukanwa nyumbani kwake, mbele ya wageni wake, na ndugu aliyekuja jana. Tangu siku ile anasema watu wa Zanzibar hawajui farasi, na wala simlaumu kwa kusema hivyo. Baba yako alirudi akakaa kitandani siku kutwa. Bibi Zuwena akamwendea na kikombe cha maziwa. "Inuka, mwanangu," akamwambia. "Kamtazame mtoto machoni." Kwenye kope palikuwa na vinywele vyeupe vichache, kama mtu aliyevaa miwani. Hiyo ndiyo dalili yao. Wakamwita Samha.

Sitasema kwamba wewe ni kama yule mtoto wa farasi. Umeshaambiwa na kila mtu, mpaka na imamu, na najua umechoka. Nitasema lililonitokea mimi. Nilijifunza kuacha kumtazama mtu, au nchi, siku ya kwanza nikatoa hukumu. Hii nchi niliichukia kwa miaka, nikidhani ndivyo ilivyo na ndivyo itakavyokuwa. Milango ya mji ikifungwa baada ya magharibi, ruhusa ya kusafiri ni kuomba na kuomba tena, msichana kusoma ni jambo la kuchekwa. Na mwaka huu umeona mwenyewe. Watu wanarudi kutoka kila upande, shule zinatafutiwa walimu, na wewe unaitwa Kuwait ukasome ualimu, huku jirani yetu aliyekuwa akiniambia nakuharibu anakuja kuniuliza fomu zinapatikana wapi. Nimefurahi, Nasra. Nimefurahi mpaka ninaogopa, na kwa hiyo nikisikia "kwanza" mwili unanisisimka.

Nikueleze kwa nini. Nilipokuwa na umri wako nami nilikubaliwa kusomea ualimu, pale pale mjini Unguja, wala si mbali. Bibi yangu Mwanakhamis akaugua. Hakuna aliyeniambia nisiende. Mama yangu alisema amua mwenyewe. Nikasema nitangoja apone kwanza. Akapona, alhamdulillahi, lakini akawa hataki kulishwa ila na mimi. Nikasema nitangoja mwaka ugeuke. Ulipogeuka akaja baba yako, na baba yako alikuwa na macho mazuri na hadithi nyingi za farasi. Simjutii yeye, wala wewe na ndugu zako. Lakini nimekuwa nikisimama nyuma ya dirisha la kila shule niliyowahi kupita. Kosa langu si kumtunza bibi yangu. Kosa langu ni kuamini kwamba katika ukoo mzima hakuna mikono mingine ila yangu. Nilikuwa na dada wawili wazima, na sikuwauliza.

Na wewe hukuniuliza mimi.

Bibi Zuwena alipokuchagua wewe kushika majina, Humaid alikataa, akasema mtoto hajui hata kuyatamka. Bibi akamjibu kuwa aliyefika juzi ndiye husikiliza vizuri. Akakuamuru usiache siku ipite bila kuyasema. Ukawa unayasema asubuhi, tukichagua mchele mimi na wewe, na mimi nikikufokea unyamaze, kichwa kinaniuma. Ukaendelea kuyasema Raqta alipokufa. Ukaendelea kuyasema Bibi naye alipokufa, ukilia, na siku hizo sikukufokea. Masikio yangu, mwanangu, hayakuwa na utii kama mdomo wangu. Kila jina liliingia.

Leo asubuhi, ulipokuwa zizini, nilikwenda Ghala kwa miguu. Sikumwambia mtu. Nimevaa buibui lile zuri na nimejitia udi, maana mtu akienda vitani na asiende kizembe. Nikamkuta Humaid na wale wazee wawili mashahidi na mkewe. Nikamwambia nimekuja kutaja.

"Kutaja nini?"

"Mama zake Samha."

Akanitazama kama nimekunywa kitu. Akasema kwa Kiarabu, lakini nilielewa kila neno, kwamba mimi si wa damu yao.

"Nnajua mie si wa damu yenu," nikamjibu. "Lakini farasi mnamhesabu kwa mama, si ndiyo? Basi na mie nihesabuni kwa mwanangu. Nasra mmemkubali wenyewe. Mie ndo nlomzaa."

Mzee mmoja akacheka, akasema mwache aseme. Nikasimama. Nikaanza: Samha binti Raqta, Raqta binti Namsha, Namsha binti Shahba. Na hapo, wallahi, kukawa kweupe kichwani. Hakuna kitu. Nikajaribu tena, nikafika pale pale. Humaid akashika kikombe chake, kuonyesha kwamba mambo yamekwisha. Nikawa naona ndege yako inaondoka bila wewe, na nikajiona mimi nyuma ya lile dirisha la shule. Nikatazama mikono yangu. Ilikuwa imekaa bure. Sijawahi kuyasikia yale majina nikiwa na mikono mitupu.

"Bi Thuraya," nikamwambia mkewe, "nipe sinia ya mchele."

"Mchele wa nini saa hizi?"

"Nipe tu, dada yangu. Ule ambao haujachaguliwa."

Akaniletea. Nikakaa chini mbele ya wanaume, sinia mapajani, nikaanza kutoa mawe na chuya. Na yakaja. Shahba binti Durra, Durra binti Wadha, Wadha binti Barsha, yakaja yote, kwa sauti yako hasa, na pale unapovuta pumzi nami nikavuta. Sikusimama mpaka nilipofika kwa yule wa cheche. Nilipoinua uso, wazee walikuwa wanalia machozi, sijui kwa kucheka au kwa nini, na mchele wa Thuraya ulikuwa safi. Mmoja wao akasema ndivyo alivyokuwa akiyataja mama yake Bibi Zuwena, amekaa chini, anasuka ukili. Wakashuhudia.

Njiani kurudi nikajaribu ya kwetu. Nasra binti Rahma, binti Zakia, binti Mwanakhamis. Nikaishia hapo. Mama yake bibi yangu simjui jina. Nilimlisha bibi kwa mkono wangu miaka yote ile na sikumwuliza hata siku moja. Nikasimama katikati ya njia nikalia kama mtoto, punda wa watu wananipita. Huko uendako wako wazee wengi wa Unguja, ukimpata anayejua niulizie.

Lakini kabla sijatoka Ghala, Humaid alinifuata mpaka mlangoni. Hakuwa na ukali. Aliniuliza swali ambalo hata mimi ningeliuliza.

"Na wewe ukifa, nani atayashika?"

Nikamwambia, "Kwanza sijafa. Na binti yangu atarudi."

Akaitikia kwa kichwa, akasema, "Taib. Basi aende." Amekubali, Nasra. Samha akizaa nitasimama mimi, au nitakaa na sinia yangu, na mtoto atanyonya akiwa na jina lake. Akiwa wa kahawia sitapiga ukelele. Nitamtazama machoni.

Hilo la kwamba utarudi, nililisema ili yule mzee apate la kushika, na wewe halikufungi. Ukisoma ukapata kazi huko, kaa. Ukipata mume wa huko, mlete nimwone kisha mwende. Majina nimeshayachukua mimi, yote, hukuacha hata moja nyuma, na mtu mwingine katika nyumba hii ataanza kunisikia asubuhi akichagua mchele. Nenda kesho. Ukitaka kurudi, rudi siku utakayonitamani mimi mama yako. Usirudi kwa ajili ya farasi. Farasi ninaye.

Mimi niliyekuzaa,
Rahma